Sura ya Tano: Mbingu ya Panya

Katika Buhare, mahali ambapo ardhi ya Musoma huteremka taratibu kuelekea ziwani na majabali hujitokeza baina ya mashamba ya mihogo na nyumba za watu, nilikaa asubuhi moja ya kiangazi katika ua wa bibi mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa ameanika mihogo yake juu ya mwamba mpana nyuma ya jiko, kwa kuwa mwamba hushika joto la jua na kukausha upesi kuliko mkeka uliotandikwa mchangani. Yapata saa nne, jua lilipokuwa limekwisha kupanda na upepo wa ziwa ulikuwa haujaanza, alitoka panya katika ufa wa mwamba ule. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu yaliyonyunyiziwa weusi, masikio yake mafupi ya mviringo, mkia wake haukufikia urefu wa kiwiliwili. Alisogea hatua tatu, akasimama. Akasogea tena, akashika kipande cha muhogo kwa mikono yake miwili, akaanza kuguguna. Hakuinua kichwa. Nilikuwa nimekaza macho juu ya vidole vyake vidogo, vilivyokizungusha kile kipande kama mwanamke azungushavyo kiazi anapokimenya, ndipo ghafula, kabla mimi mwenyewe sijatambua sababu, muhogo ukaanguka na panya akawa hayupo. Na punde si punde mwewe akapita juu ya ua, chini sana, mabawa yametulia, akaelekea pwani ya ziwa walikoanikwa dagaa.

"Umemwona, mwanangu?" aliuliza bibi, bila ya kuacha kupepeta mtama wake.

"Nimemwona, bibi."

"Kila siku ni hivyo. Hatazami juu hata mara moja, wala mwewe hampati. Sasa wewe uliyesoma, niambie: alimwonaje?"

Sikuwa na jawabu. Nilisema maneno machache juu ya macho kukaa ubavuni mwa kichwa, naye akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu akubalivyo salamu isiyojibu alichouliza. Alikuwa na haki. Macho ya panya hukaa kando ya kichwa na kuelekea juu kidogo, na kwa sababu hiyo mbingu yote imo ndani ya upeo wake hata anapokuwa amekiinamia chakula. Lakini kuingia kwa nuru katika jicho ni mwanzo tu wa habari. Kati ya nuru ile na mguu uliokimbia kuna safari, na safari yenyewe haina njia moja. Sura hii ni jawabu ninalomdai bibi yule, nalo limekuwa refu kuliko nilivyodhani.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jina. Lugha yetu humwita panya kila mnyama wa jamii hii, tangu yule mdogo wa nyumbani anayetoboa magunia, mpaka panya buku ambaye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na shirika la APOPO wamemfundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake ya kunusa mabomu Kambodia. Sifa hizo zote ni sifa za pua, na ni za haki. Lakini zimetufanya tudhani kwamba panya ni pua na masharubu tu, na kwamba macho yake ni vishanga vyeusi vilivyowekwa usoni kwa pambo.

Hata maulamaa wa elimu ya ubongo walikaa miaka mingi katika dhana hiyo. Walipotaka kujua namna ya kuona walimchukua paka au kima, na David Hubel na Torsten Wiesel, walioeleza jinsi seli za gamba la ubongo zinavyotambua mistari na pembe zake, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1981 kwa kazi iliyofanywa juu ya wanyama hao. Panya mdogo wa nyumbani alidharauliwa, kwani ukali wa macho yake ni haba: mistari myeusi na myeupe ambayo kila mmoja ni mwembamba kuliko kidole chako cha mwisho ukikinyoosha mbele yako kwa urefu wa mkono, kwake huchanganyika ikawa kijivu kitupu. Asingeweza kusoma kibao cha duka hata kingekuwa mlangoni pa shimo lake. Lakini ubongo wake, ambao hauna uzito wa nusu gramu, una seli za neva kiasi cha milioni 70, ilhali wetu una bilioni 86 hivi. Na maadamu leo kuna ala za kusikiliza seli hizo zikizungumza, na kuna njia za kuzifanya seli za aina fulani tu zing'ae au zinyamaze, mnyama aliyedharauliwa amekuwa ndiye ambaye safari ya kuona ndani ya kichwa chake inafahamika kuliko ya wanyama wengi.

Tuanze na jicho. Nyuma yake kuna utando uitwao retina, na katika utando huo seli zinazopokea nuru ni za namna mbili: fito, ambazo hufanya kazi katika giza na nuru hafifu, na koni, ambazo hufanya kazi mchana na kupambanua rangi. Kwa panya wa nyumbani, mwenda usiku, fito ni 97 katika kila mia. Koni zake chache hazikutawanywa ovyo. Kwa kuwa lenzi ya jicho hupindua taswira juu chini, nusu ya chini ya retina ndiyo inayotazama mbingu, na huko koni nyingi hupokea nuru ya urujuanimno, ile ambayo macho ya binadamu hayaioni kabisa, na ambayo mbingu ya mchana imejaa. Mwaka 2013 Tom Baden na wenzake, waliokuwa katika mji wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba koni hizo za chini huitika zaidi kwa vitu vyeusi kuliko kwa vitu vyeupe. Mwewe, atazamwapo kutoka chini, ni kitu gani isipokuwa doa jeusi katika mbingu yenye mwanga? Bibi akisema kwamba panya hatazami juu, jawabu la kwanza ni hili: nusu ya jicho lake haina kazi nyingine.

Lakini retina si kioo, wala si karatasi ya picha. Kutoka kwenye fito na koni habari hupita katika seli za kati, za aina zipatazo 15, kisha hufika kwenye seli za mwisho ambazo nyuzi zake ndizo zinazofanya mshipa wa macho. Nazo ni kiasi cha 45,000 katika jicho moja. Baden na wenzake walirudi mwaka 2016 na habari ya seli zaidi ya 11,000, wakazigawa kwa jinsi zinavyoitika, wakapata aina zisizopungua 32. Aina moja hupaza sauti nuru inapowaka, nyingine inapozimika. Moja hujali kitu kinachokwenda upande mmoja na kukidharau kikienda upande wa pili. Nyingine hunyamaza mandhari yote yakisogea pamoja, ikaamka kitu kidogo kikisogea peke yake. Kila aina imetandazwa katika jicho zima. Kwa hiyo kinachotoka katika jicho la panya si taswira moja ya ua, mwamba na mihogo, bali ni habari zaidi ya 30 za mahali palepale, zinazosafiri bega kwa bega, kila moja ikiwa imekwisha kuchagua lile linaloihusu na kuacha mengine yote. Nilipoyaelewa haya kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Tumezoea kusema kwamba jicho huona na ubongo hufikiri. Kumbe jicho lenyewe limeanza kuhukumu.

Nyuzi hizo hukutana chini ya ubongo na nyingi mno, zaidi ya 90 katika mia, huvuka upande wa pili, hata jicho la kuume likasema na ubongo wa kushoto. Kisha hugawanyika. Wapimaji wamehesabu sehemu zaidi ya 40 za ubongo zinazopokea nyuzi kutoka machoni, lakini iliyo kubwa kupita zote ni ile iitwayo kolikulasi ya juu, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kilima kidogo. Ni vilima viwili, kimoja kila upande, vilivyofichwa chini ya gamba la ubongo. Kwa binadamu ni sehemu ndogo tu ya nyuzi za macho ifikayo huko. Kwa panya ni takriban 85 katika kila mia, au zaidi. Kiungo hiki ni cha kale. Sato na sangara wa ziwa lile lililokuwa mbele yangu wanacho, ndege wanacho, na mwewe mwenyewe, aliyekuwa akiutafuta mwamba wa bibi kwa macho makali yasiyo na mfano, hukitegemea kiungo kilekile ambacho panya hukitumia kumkimbia.

Kilima hicho kina tabaka. Tabaka za juu hupokea habari za macho, na zimepangwa kama ramani: mahali palipo jirani katika mbingu ni jirani katika tabaka. Tabaka za chini hupokea pia habari za masikio na masharubu, na kutoka humo hutoka amri za kugeuza kichwa, kukimbilia au kukimbia. Ndiyo kusema kwamba katika unene usiofikia milimita mbili, mbingu imelazwa juu ya miguu.

Mwaka 2013 Melis Yilmaz na Markus Meister walifanya jaribio jepesi ambalo matokeo yake, kwa mtu aliyekaa katika ua wa Buhare, yalikuwa kama kuyaona tena yale niliyoyaona. Walimweka panya katika sanduku lenye kibanda cha kujificha, juu yake wakaweka kioo cha kuonyeshea picha, na katika kioo wakaonyesha duara jeusi lililokua kwa muda wa robo sekunde, kama kitu kinachoshuka kwa kasi. Panya ambaye tangu azaliwe hakupata kumwona mwewe, wala mama yake hakupata kumwona, alikimbilia kibandani au aliganda palepale. Duara lilelile likionyeshwa chini ya miguu yake, aghalabu hakujali. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walibainisha zaidi: duara linalokua humfanya akimbie, lakini doa dogo linalokatiza juu bila ya kukua humfanya agande. Kuna hekima ndani yake. Ndege aliye mbali, anayepita, huenda hajamwona, na mwendo ndio utakaomfichua. Ndege anayekua amekwisha kumwona, na kuganda ni kujitoa sadaka.

Ni nani, basi, anayeamua? Watafiti wa London, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walisikiliza seli za tabaka za chini za kolikulasi na za sehemu iliyo chini yake, ile mada ya kijivu inayouzunguka mfereji mwembamba wa maji katikati ya ubongo. Seli za kolikulasi ziliongeza sauti kadiri hatari ilivyozidi kukua. Za mada ya kijivu zilikaa kimya mpaka saa ya kukimbia ilipofika. Na kiungo kati ya hizo mbili ni dhaifu kwa makusudi: wito mmoja haupiti, sharti wito uwe mwingi na wa pamoja ndipo mlango ufunguke. Udhaifu huo ndio hadhari yenyewe, kwani panya anayekimbia kila jani liangukapo angekufa kwa njaa mbele ya mihogo.

Niliposoma habari hizo niliona kwamba nimepata jawabu la bibi, na pengine ningefunga sura hapa, lau si njia ya pili. Sehemu ya nyuzi za macho huenda katika talamasi, neno ambalo kwa Kiyunani lilikuwa na maana ya chumba cha ndani, na kutoka chumba hicho habari hupelekwa kwenye gamba la nyuma ya ubongo, mahali paitwapo gamba la kwanza la kuona. Hapa ndipo mistari na pembe zake hupambanuliwa, na kuligandama gamba hilo kuna maeneo mengine kiasi cha kumi, kila moja likiwa na ramani yake ya dunia. Baadhi huelekea zaidi vitu vinavyokwenda kasi, baadhi vitu vya taratibu vyenye nakshi ndogondogo. Kwa muda mrefu mafundisho yalikuwa kwamba kolikulasi ni ya mambo ya upesi yasiyo na fikra, na gamba ni la fikra, na kwamba maeneo yote ya gamba hulitegemea lile la kwanza kama vijito vinavyotoka katika mto mmoja.

Mafundisho hayo hayakusimama. Mwaka 2019 Riccardo Beltramo na Massimo Scanziani walionyesha kwamba liko eneo moja la gamba, nyuma kabisa, ambalo huendelea kuitikia vitu vinavyosogea hata gamba la kwanza likinyamazishwa, bali huzimika kolikulasi ikinyamazishwa. Kilima cha kale, basi, kina gamba lake. Na upande wa pili, gamba la kwanza hutuma nyuzi zake kushuka kwenye kolikulasi na kuongeza au kupunguza woga. Mito hiyo miwili ina mifereji baina yake, na maji hupita pande zote. Fauka ya hayo, gamba la kuona halikai likingoja nuru kama mtungi chini ya bomba: Cristopher Niell na Michael Stryker walitoa ithibati mwaka 2010 kwamba panya akikimbia, seli za gamba lake la kwanza huitika maradufu kwa taswira ileile aliyoiona akiwa amesimama.

Sasa nirudi Musoma, katika mkoa wa Mara, kwa sababu nilimtendea panya wa bibi jambo lisilo la insafu: nilimwelezea kwa habari za binamu yake. Majaribio yote niliyoyataja yamefanywa juu ya panya wa nyumbani, mwenda usiku, aliyezaliwa katika maabara. Panya aliyetoka katika ufa wa mwamba saa nne ya asubuhi hakuwa yeye. Nilikuja kumtambua baadaye, kwa saa zake, kwa masikio yake ya mviringo na kwa manyoya yake: alikuwa panya wa nyasi, ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini *Arvicanthis niloticus*, na ambaye hujaa katika mbuga za Serengeti, upande wa mashariki wa mkoa huuhuu, katika miaka ya neema. R. B. M. Senzota aliandika juu ya makazi na chakula chake huko Serengeti mwaka 1982, na kila aliyesafiri katika mbuga hizo amemwona yule mwewe mdogo mweupe mwenye mabega meusi akining'inia hewani juu ya majani, akimtafuta yeye.

Na hapa kuna jambo ambalo wenyeji wa Musoma wanastahili kulijua. Mto Mara hutoka Kenya, hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, huingia Serengeti, huenea katika mabwawa ya mafunjo, kisha humwaga maji yake katika ghuba iliyo kaskazini ya mji wao. Mwaka 1993, katika hifadhi hiyo ya Maasai Mara, walikamatwa panya wa nyasi wakapelekwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na kizazi chao kikazaana huko. Na kwa miaka mingi wao ndio waliowafundisha watafiti wa chuo kile ubongo wa mnyama wa mchana ukoje. Wazee wao walitoka katika nchi ya mto ule ambao mwisho wake ni ziwa hili.

Tofauti ilionekana tangu jichoni. Pale ambapo panya wa nyumbani ana koni tatu katika mia, panya wa nyasi ana zaidi ya 30, utajiri ambao kwa jamii ya panya ni wa ajabu. Frédéric Gaillard na wenzake, walipofuata nyuzi za macho yake mwaka 2013, waliona kwamba zinakwenda mahali palepale zinapokwenda za panya wengine, lakini kolikulasi yake ni kubwa kupita kiasi kinachotazamiwa kwa mwili wake. Maumbile hayakumpa njia mpya; yamepanua kilima cha kale. Anayeishi mchana kweupe chini ya mwewe, kipanga na tai, akila nyasi na mbegu mahali palipo wazi, ndiye aliyelipwa nafasi kubwa zaidi ya kuihesabu mbingu.

Iko pia njia nyingine ya nuru, ambayo haitazami kitu. Tangu mwaka 2002 imejulikana kwamba baadhi ya seli za mwisho za retina zenyewe hupokea nuru kwa rangi iitwayo melanopsini, zikapeleka habari kwenye kifundo kidogo juu ya makutano ya mishipa ya macho, ambacho ndicho saa ya mwili: huko hakupelekwi umbo la mwewe wala la muhogo, bali jambo moja tu, kama ni mchana na ni mchana wa namna gani. Panya wa nyasi waliosaidia kuonyesha uzito wa jambo hilo ni wale wa asili ya Maasai Mara. Kundi la Lily Yan lilichapisha mwaka 2018 kwamba panya hao, wakikaa majuma manne katika mchana wa nuru hafifu kama ya chumba chenye mapazia, hupungukiwa na uwezo wa kukumbuka mahali, na sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu hizo hudhoofika. Wakirudishiwa mchana mkali, uwezo hurejea. Nafikiri mara nyingi juu ya jaribio hilo niingiapo katika madarasa yetu yenye madirisha madogo, ambamo watoto wa mchana hufunzwa gizani.

Hadi hapa nimesema juu ya sehemu moja moja, kama mtu aelezaye mji kwa kutaja mitaa. Lakini panya hakimbii kwa mtaa mmoja. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 umoja wa maabara uitwao International Brain Laboratory ulichapisha kazi ambayo haina mfano wake: maabara 12, panya 139, seli 621,733 zilizosikilizwa katika sehemu 279 za ubongo, zote kwa zoezi moja lilelile. Panya alionyeshwa alama yenye mistari upande wa kushoto au wa kulia wa kioo, akazungusha gurudumu dogo kwa mikono yake kuileta alama katikati, na akipatia alipewa tone la maji ya sukari. Alama ilipotokea, habari yake ilisikika kwanza katika sehemu za kuona, kwa muda mfupi, kisha ikaenea. Lakini dalili za uamuzi zilitapakaa mbali zaidi, na za mwendo na za thawabu zilikuwa karibu kila mahali. Halafu wakaficha jambo: kwa muda, alama ilitokea zaidi upande mmoja, na panya walijifunza kuutarajia upande huo. Matarajio hayo yalionekana hata katika kile chumba cha talamasi kinachopokea nyuzi za macho moja kwa moja. Nuru inapobisha hodi, ndani tayari kuna anayemngoja mgeni fulani.

Siwezi kuandika hesabu hiyo bila ya kuwataja hao 139 kwa heshima. Walifungwa vichwa visitikisike, sindano nyembamba kuliko unywele zikaingizwa katika ubongo wao, nao, kama ilivyo desturi ya kazi hizi, hawakubaki hai baada yake. Maarifa haya yana deni, na mwandishi anayeyasimulia kwa furaha bila ya kulitaja ameficha nusu ya habari.

Kuna deni jingine, lililo letu: la kuuliza maswali haya hapa kwetu. Tom Baden, yule wa koni za mbingu, alikuja Afrika Mashariki pamoja na Lucia Prieto-Godino, wakashirikiana na Sadiq Yusuf katika kampasi ya Ishaka ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, magharibi ya Uganda, kuanzisha mafunzo ya elimu ya ubongo kwa wanafunzi wa Afrika. Mafunzo ya kwanza yalikuwa mwaka 2011, na mnyama wao alikuwa nzi wa matunda, kwa kuwa ni rahisi kumfuga. Walifundisha pia kutengeneza ala za maabara kwa gharama ndogo, kwa mashine zinazochapa vitu vya plastiki. Ishaka iko upande wa pili wa ziwa hilihili. Panya wa nyasi wapo katika mkoa wa Mara, wanakimbia mwewe wa kweli chini ya mbingu ya kweli, na hawahitaji kuvushwa bahari ili waulizwe wanachokiona. Anayehitajika ni mtu wa kukaa kando ya mwamba na kuuliza.

Nilirudi Buhare miezi kadhaa baadaye, nikamwambia bibi niliyoyapata: habari 30 zinazotoka jichoni, kilima kilichokuzwa, mlango usiofunguka kwa wito mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe hakuna anayemwamuru," alisema, "wanashauriana." Kisha akanionyesha kwa kidevu.

Panya alikuwa juu ya mwamba, muhogo mikononi. Jua lilikuwa limeelemea ziwani, na mbayuwayu wawili walikatiza juu ya ua, wembamba, wa mbali, wakienda zao. Panya hakukimbia. Taya zake zilisimama, na sharubu moja iliyokuwa ikicheza ikatulia, na jicho lake jeusi, ambalo halikugeuka, lilikuwa na chembe ya mwanga wa jua ndani yake. Nilihesabu polepole hadi tisa kabla ya shavu lake kuanza kutikisika tena.